Redioni usione haya kutaja shida yako

Wadogo zangu mnaoanza kurusha ndege huniuliza sana: Kiingereza cha kuongea na mnara kinatakiwa kiwe kizuri kiasi gani? Ukishapata daraja la 4 la lugha la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiingereza chako kinatosha. Mimi nikiwa kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, kinachonipa hofu kwa rubani kijana ni malezi yetu. Tumelelewa tusimkatize mkubwa, tusisumbue watu, tuombe kwa upole. Nyumbani ni tabia njema, na nawalea wanangu hivyo hivyo. Angani imewahi kuua watu.

Isomeni ajali ya Avianca 52, ndege ya shirika la Kolombia, tena isomeni yote. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ilikuwa inatoka Bogotá kupitia Medellín kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, foleni ya kutua uwanja wa Kennedy ndefu. Ikaambiwa izunguke ikisubiri, mara tatu, jumla dakika 77. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyeshika redio, akasema wanahitaji “priority”, yaani kipaumbele, na kwamba mafuta hayawafikishi tena Boston, uwanja wao wa akiba. Ndege ilipokabidhiwa kwa mwongoza ndege mwingine, habari ya Boston haikumfikia.

Wakajaribu kutua, wakashindwa, wakapaa tena. Kapteni akamwambia mwenzake awaeleze kuwa wana dharura. Kijana akarudia kwanza maelekezo aliyopewa, kisha mwishoni akagusia kwamba mafuta yanawaishia. Neno dharura hakulitamka. Baadaye kidogo mwongoza ndege akamuuliza: nitawapeleka kama maili 15 kaskazini mashariki halafu niwarudishe, mtakuwa sawa na mafuta yenu? Akajibu: nadhani hivyo, asante sana.

Injini zilizima moja baada ya nyingine, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73. Haikuwaka moto, maana mafuta ya kuwaka hayakuwepo.

Ile “asante sana” naijua. Naisikia kwa vijana wetu, wazuri kabisa, wenye mikono myepesi kwenye usukani. Lakini mjiweke pia kwenye kiti cha mwongoza ndege: jioni ya mvua ana msururu wa ndege, na karibu kila rubani anataka kutua haraka. Asipopewa neno rasmi, hana sababu ya kukutanguliza mbele ya wenzako.

Kwa hiyo myajue maneno haya na uzito wake. “Minimum fuel” ni taarifa tu, kwamba ukicheleweshwa zaidi utaanza kugusa akiba ya mwisho. Haikupi nafasi ya mbele. Ukipiga hesabu ukaona utatua ukiwa chini ya akiba hiyo, ambayo kwa ndege za injini za tabini ni mafuta ya kuruka dakika 30, unasema “Mayday, mayday, mayday, fuel”, yaani dharura ya mafuta. Usitangulize samahani. Maswali na fomu vitakusubiri chini, na utavijaza.

Na si mafuta peke yake. Msimu mmoja wa masika tukivuka kwenda Unguja, wingu la radi lilikuwa limesimama mbele yetu na mnara ukatuambia tuendelee na uelekeo ule ule. Msaidizi wangu akaanza kuomba, kama itawezekana, kama hakuna ndege nyingine. Nikachukua redio: “Unable”, yaani siwezi, kuna radi mbele, nahitaji kukata kulia nyuzi 20. Tukapewa papo hapo. Mwongoza ndege hakuwa mkaidi, alikuwa halioni lile wingu.

Kurudia maelekezo nako msikufanye kwa mazoea. “Roger” maana yake nimesikia, basi. Haimwambii mtu umesikia nini. Mwaka 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliruhusiwa kushuka hadi futi 2,400, namba ikitajwa tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. “Two” ya mwanzo wakaichukulia kama “to”, yaani “hadi”, wakarudia nne, sifuri, sifuri, na mnara haukuwasahihisha. Wakashuka kuelekea futi 400, wakagonga kilima. Wote wanne walikufa. Namba ukiisikia nusu, uliza tena, hata mara ya tatu, hata kama sauti ya upande wa pili imeanza kukereka.

Jambo la mwisho ni la humo humo ndani ya chumba cha marubani. Kapteni wa Avianca alimuuliza mwenzake kama amewaambia, akajibiwa ndiyo, nimeshawaambia. Mimi jibu hilo silipokei. Kapteni akikuuliza “umewaambia?”, mtajie maneno yale yale uliyoyatuma redioni, neno kwa neno, ili naye asikie kama dharura imo.