Ukishuka Unguja, anza na Jozani

Sisi watu wa Moshi tukisema tunakwenda Zanzibar, akili yote iko kwenye mchanga mweupe na picha za kurusha. Safari yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, nikarudi na mabega yaliyobabuka basi. Safari ya pili, nilipokwenda na watoto, ndiyo iliyonifunza. Ukiniuliza leo, nitakwambia siku yako ya kwanza uipeleke msitu wa Jozani.

Gari la kukodi si lazima. Panda daladala la Makunduchi, mwambie konda akushushe Jozani. Fika mapema, jua halijawa kali. Humo ndimo anamoishi kima punju, ambaye porini hapatikani kokote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar. Ukishawaona mbega wa msitu wetu wa Rau utamjua ukoo wake mara moja: mkia mrefu, mkono usio na kidole gumba. Ila huyu mgongo wake ni mwekundu wa kutu, na uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe zilizosimama.

Sisi tulikosea kabla hata ya kuingia. Papasi mmoja, wale madalali wa watalii, aliyetudaka bandarini alituuzia ndizi mbivu, eti za kuwalisha kima. Mwanangu alishanyoosha mkono pale mwongozaji wa msitu alipomzuia. Akatueleza kwamba tumbo la kima punju ni la majani na matunda mabichi. Vijidudu vya tumboni ndivyo vinavyomsagia majani, na sukari ya tunda bivu huvivuruga mpaka mnyama akaugua. Kisha akatuonyesha jike lililokaa juu ya gogo lililoungua. Lilikuwa limeshika kipande cha mkaa kwa mikono miwili, linatafuna taratibu, midomo imejaa masizi. Mkaa huo huwasaidia kupunguza sumu iliyomo kwenye majani ya miti ya mikungu na miembe wanayoyapenda. Tulisimama pale muda mrefu, hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo chakula kibaki kwenye begi, simama mbali kidogo, na mwenye mafua asiwasogelee kabisa. Ukiwa na gari, heshimu yale matuta ya barabarani: yaliwekwa kwa sababu kima wengi waligongwa.

Siku ya pili nenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultani Barghash. Kuna vyumba vya chini vyenye dari fupi, mtu mzima huwezi kusimama wima. Usipite haraka. Misafara ya pwani ilifika mpaka kwetu Moshi, enzi za mtawala wetu wa Kichagga, Mangi Rindi, kutafuta pembe za ndovu na watu. Binti yangu aliuliza hewa ilikuwa inaingilia wapi. Akaonyeshwa vitundu vyembamba ukutani, akaweka kiganja chake pale.

Kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa waliotoka Ushelisheli kinatosha asubuhi moja. Patana bei ya boti kabla hujapanda. Ufukweni upande wa mashariki, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, maana yakipwa utatembea mbali sana kabla ya kuogelea. Na usisahau kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni.