Wasomaji Wanauliza: Siku Nzima na Riwaya Moja

SWALI: Ndugu mhariri, riwaya ya kurasa 320 hunichukua mwezi mzima, kurasa kumi kumi kabla ya kulala. Nikifika katikati nimeshasahau nani ni ndugu wa nani. Nataka kuitengea siku moja ya mapumziko. Itawezekana?

JIBU: Itawezekana, na utamu wake ni mwingine kabisa. Mwandishi anaweza kudokeza jambo ukurasa wa 15 akaliibua ukurasa wa 290. Anayesoma kwa mwezi amekwisha kulisahau. Anayesoma kwa siku moja hushtuka papo hapo.

Jana yake usiku, soma kurasa 20 za mwanzo huku ukiangalia saa. Tuseme zimekuchukua dakika 40: huo ni mwendo wa kurasa 30 kwa saa, kwa hiyo kurasa 300 zilizobaki zinahitaji kama saa 10. Mara nyingi zitapungua, kwa sababu mwanzo ndio mzito: majina mageni, mahali pageni. Ukianza saa mbili asubuhi na kutenga saa mbili za kula na kupumzika, saa mbili usiku umemaliza. Kurasa hizo 20 pia ni kipimo. Kama hazikukuacha ukijiuliza “halafu?”, badilisha kitabu usiku huohuo. Wengi huharibikiwa siku kwa kuing’ang’ania riwaya isiyowashika.

Simu iweke chumba kingine, wala usiitumie kutazama saa. Kuizima sauti tu hakutoshi, mkono utaifuata. Watakaokutafuta waarifu mapema. Chakula kipikwe jana yake, kiwe chepesi na kisicho na mafuta ya kuchafua vidole. Ukishiba sana mchana, usingizi hauepukiki. Ukikulemea, lala dakika 20 tu, maana ukizidisha sana utaamka na kichwa kizito na hadithi imepoa.

Kuhusu mkao, kaa kwenye kiti chenye egemeo, uweke mto mapajani na kitabu juu yake, kiasi cha sentimita 40 kutoka machoni. Bila mto kitabu hushuka, shingo huinama, na kufikia mchana inauma. Kulala chali huchosha mikono, na kulala kifudifudi huumiza shingo na viwiko. Mwanga utoke nyuma ya bega. Tukizama katika kusoma tunapepesa macho mara chache, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 hivi, tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20, na upepese.

Majina yaandike kwenye karatasi unayoitumia kama alamisho: jina, na uhusiano wake na mhusika mkuu. Maneno matatu kwa kila mtu yanatosha. Na ukitaka kupumzika, usingoje mwisho wa sura. Acha katikati ya tukio, mlango ukiwa umegongwa na hujajua ni nani. Ukirudi hutahitaji kujilazimisha.

SWALI: Nikikaribia mwisho naruka aya nzima nzima kutafuta kitakachotokea. Nifanyeje?

JIBU: Macho hukimbilia mazungumzo kwa sababu mistari yake ni mifupi na kuna nafasi nyeupe pembeni. Funika kwa karatasi ukurasa wa kulia unaposoma wa kushoto, kisha uishushe mstari kwa mstari unapofika huo wa kulia. Soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi hauwezi kuruka kama macho yanavyoruka. Ukiona umeruka mara mbili katika ukurasa mmoja, hiyo si hamu tena, ni uchovu. Simama, tembea dakika 10, unywe maji. Kurasa 50 za mwisho ndizo mwandishi alizokuwa akizijenga tangu mwanzo, na ni hasara kubwa kuzipitia ukiwa umechoka.

SWALI: Nikimaliza riwaya nzuri nabaki mpweke, na kitabu kingine hakiniingii.

JIBU: Usikifungue kingine siku hiyo, kwa kuwa utakipima kwa wahusika ulioagana nao muda mfupi uliopita, na utakionea bure. Rudi sura ya kwanza ya kilekile. Sasa unajua yote, na utaona sentensi uliyoipita mara ya kwanza bila kuijali, kumbe ilikuwa imebeba mwisho.