Maswali ya Wasomaji: Je, 4,294,967,297 ni Namba Tasa?

SWALI: Nimeigawanya 4,294,967,297 kwa kila namba tasa hadi 100 na kila mara kuna baki. Je, ni tasa? Kuna njia fupi ya kujua? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Dodoma

JIBU: Si tasa, ila uliishia njiani. Ni 641 × 6,700,417. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Wenzake wa ukoo huo (kipeo kikiwa 1, 2, 4, 8 na 16), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa, ndiyo maana mwanahisabati Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba na huyu ni tasa. Mwanahisabati Euler akamkosoa mwaka 1732.

Kugawanya kwa tasa zote hadi kipeuo chake cha pili ni mahesabu 6,542. Usijisumbue. Kigawo tasa chochote cha namba hii ni lazima kiwe kigawe cha 128 kilichoongezwa 1. Andika basi: 129, 257, 385, 513, 641. Futa 129 na 513 (zinagawanyika kwa 3) na 385 (kwa 5). Zimebaki mbili tu! Ukigawanya kwa 257 unapata baki 2. Kwa 641 inagawanyika bila baki.

Huna kikokotoo? Fuata mabaki ya 641. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256. Zidisha 256 kwa 256 upate 65,536; toa 641 × 102, baki 154. Sasa zidisha hiyo 154 kwa yenyewe, si ile 65,536: 23,716. Toa 641 × 36, baki 640. Hapo umefika kipeo cha 32. Wengi wakiona 640 husema imekataa, kumbe wamesahau ile 1 ya mwisho: 640 + 1 = 641, hakuna baki.

Na 6,700,417 je? Kanuni ni ileile. Kipeuo chake hakifiki 2,589, kwa hiyo wa kujaribu ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Wote wanaacha baki, basi hiyo ni tasa.

SWALI: Nikiingiza namba hiyohiyo kwenye programu niliyoiandika, inasomeka 1. Kwa nini? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Umeihifadhi kwa biti 32, ambazo mwisho wake ni 4,294,967,295. Ukipita hapo hesabu inarudi sifuri, kisha 1. Tumia biti 64. Na kama programu inapima utasa kwa kanuni ya Fermat (chukua namba ya msingi, ipe kipeo cha namba inayopimwa ukitoa 1, kisha gawanya kwa namba inayopimwa; ikiwa tasa, baki ni 1), usitumie msingi wa 2: namba hii inapita kipimo hicho kwa hila, kwa sababu yenyewe imeundwa na vipeo vya 2. Weka msingi wa 3, itaumbuka.