Papa shilingi nilimwona Msumbiji

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mwanafunzi akienda ng'ambo kusoma lugha, wikendi akae na vitabu ama atembee? Nimelisoma nikiwa kwa matatu nafika Donholm na nikaona hapana, hili lazima nijibu, kwa sababu ni yale yale baba aliniuliza kwa simu nilipokuwa Maputo nasoma Kireno. "Nilikupeleka kusoma ama kuogelea?" Halafu akakata. Iliniuma sana.

Atembee! Mwalimu wetu alikuwa mzuri, sina neno naye, lakini tulikaa na kitenzi levantar, yaani kuinuka, wiki mbili nzima, eu levanto-me às seis, naamka saa kumi na mbili, kila mtu anasoma sentensi yake anaketi, na bado nikienda dukani kununua mkate natokwa na jasho. Lugha ilikuwa imekaa kwa daftari, mdomoni haifiki.

Basi wikendi moja ndefu tukaamua wanne kutoka darasani twende Tofo, ufuo ulio karibu na mji wa Inhambane. Ukitoka Junta, stendi ya mabasi ya Maputo, kabla jua halijachomoza ni kama kilomita 470 hadi Maxixe, unavuka ghuba kwa boti mpaka Inhambane, halafu chapa, ndiyo matatu ya huko, mpaka ufuoni. Jumamosi tukajifunza kupanda mawimbi kwa ubao. Jamaa aliyetufundisha hakuwa na Kiingereza hata kidogo, anakusukuma wimbi likija anapiga kelele "Rema! Rema!" unapiga maji kwa mikono, halafu "Levanta!" na mimi nikasimama. Sekunde tatu hivi, kisha maji yakanimeza. Lakini nilisimama kabla kichwa hakijatafsiri, hiyo ndiyo nataka mshike, lile neno la daftarini liliingia miguuni moja kwa moja.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Kibao chao kimeandikwa safari, neno letu kabisa, ila ni ya baharini. Boti haina gati, inasukumwa kutoka mchangani, abiria wenyewe mko kwa maji mpaka kiunoni mnasukuma, nahodha akisema rukeni mnaruka, mnaingiza miguu kwa kamba za sakafuni, na yeye anasubiri akihesabu mawimbi mpaka apate mwanya ndio anaondoka kwa nguvu. Tukazunguka karibu saa nzima. Pomboo tuliwaona, wakapita. Nilikuwa nimeanza kuhisi kichefuchefu wakati yule kijana kiongozi aliposimama juu ya ukingo wa boti akanyoosha mkono, injini ikazimwa. "Tubarão-baleia! Devagar, devagar." Tubarão ni papa, baleia ni nyangumi, na devagar ni polepole. Tulikuwa tumeshaambiwa hakuna kuruka majini wala kumgusa, na mkia wake ukae nao mbali.

Nikateremka na miwani na ule mrija wa kupumulia. Mwanzo nilidhani ni kivuli cha boti. Halafu kivuli kikawa na madoa meupe, yamepangwa kwa mistari kama mtu alikaa chini akayapanga moja moja, na chini ya tumbo kuna samaki wadogo wamejibandika wanabebwa tu. Urefu wake ni kama ile matatu ya abiria 33. Papa huyu hamdhuru mtu, chakula chake ni vile vijidudu vinavyoelea majini, anatembea mdomo wazi anachuja maji. Kijicho chake ni kidogo sana. Kilinipita karibu, mkia ukaenda kushoto, ukarudi kulia, bila haraka yoyote, na akazama taratibu mpaka madoa yakaisha. Nilisahau kupumua.

Tukarudi botini kila mtu anaongea, Kireno kinatoka chenyewe, makosa tele na hakuna anayejali. Yule kijana, kwao wanaongea Gitonga, akatuambia jina la huyo papa kwa Gitonga, akanigeukia: na kwa lugha yako? Nikafungua mdomo. Kiswahili nimekisoma tangu nasari mpaka Form Four, nimekifanyia mtihani, nimepita vizuri. Nikasema papa. Nikaongeza, papa mkubwa. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima tu, na mimi nikaangalia maji.

Jina nililipata hapa Nairobi, kwa mama mmoja wa Msambweni anayeuza mahamri karibu na stegi yetu. Nilipomweleza madoa hakuniacha nimalize. "Huyo ni papa shilingi, mwanangu. Mungu alimrushia shilingi mgongoni." Mafia huko Tanzania wanamwita potwe. Na alishangaa kwamba nimeenda mpaka Msumbiji kumwona.

Sasa nikiandika haya naona baba hakuuliza vibaya. Hapa pwani yetu, Kisite karibu na Shimoni kuna pomboo, Watamu kuna kasa, wale nyangumi wanaotoka Antaktika kuzaa wanapita Watamu kati ya Julai na Oktoba, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na mimi mtoto wa Nairobi bahari ya kwanza kuogelea ni ya wenyewe. Kwa hivyo jibu langu, mnisamehe nikigeuka: mwanafunzi atembee, lakini aanzie Shimoni kabla ya Tofo. Najua si kila mtu ana 1,500 ya SGR, ile treni ya kwenda Mombasa, na kurudi ni zingine, na kama ni skolashipu ndiyo imekufikisha ng'ambo usiilaze kwa hosteli kwa sababu yangu. Ila ningekuwa na lile jina siku ile botini, ningempa yule kijana na hadithi ya shilingi pia, kwa Kireno changu kibovu.

Baba hajawahi kuingia baharini. Desemba tunashuka naye Msambweni, yule mama ameshanipa namba ya kakake mwenye ngalawa.