Dola, dirham na spea za Kisekka, soko la spea la Kampala: maswali yenu

*Dola imeshuka wiki nzima. Mbona shokamzoba za Hiace bei ni ile ile?* (Dereva wa teksi, Mukono)

Shokamzoba iliyo rafuni leo ililipiwa kwa dola ya miezi miwili au mitatu nyuma, kabla haijapakiwa, kufika Mombasa na kupanda lori hadi mpakani Malaba. Forodhani dola inakukuta mara ya pili. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hujumlisha bei, bima na nauli, ikageuza kuwa shilingi kwa kiwango chake cha mwezi, ndipo ikakata ushuru. VAT ya 18% hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo.

Tuchukue mzigo wa dola 100 unaotozwa ushuru wa 25%. Dola ikiwa 3,600, thamani ni 360,000, ushuru 90,000, VAT 81,000: jumla 531,000. Ikiwa 3,800, jumla inafika 560,500. Shilingi 200 za ubao wa kubadilishia pesa zimezaa 29,500, na ada nyingine bado, pamoja na faida ya muuzaji.

Halafu muuzaji anawaza dola atakayonunulia mzigo ujao. Ikipanda, bei mpya inatoka siku hiyo hiyo. Ikishuka, anasubiri stoki iishe. Kama shokamzoba zako hazijavuja, subiri mwezi. Zikivuja, nunua tu, maana tairi litakalolika mabaka mabaka ni ghali zaidi.

*Nikiagiza Dubai kwa dirham, si nitaikwepa dola?* (Mwenye duka, Mbale)

Hapana. Tangu 1997 dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja. Dola ikipanda kwetu, dirham inapanda nayo.

*Nimetuma pesa Kampala niletewe brekipadi za Premio, zimefika Arua hazikai.* (Msomaji, Arua)

Ukisema "Premio" tu, bado hujasema kitu. Fungua boneti usome kibao cha chasisi: NZT240 ni ya injini ya lita 1.5, ZZT240 ya 1.8, AZT240 ya 2.0, na breki zake zaweza kutofautiana. Piga picha kibao chote, usimsomee muuzaji kwenye simu. Kisha toa padi kuukuu, uipige picha ikiwa juu ya rula, uso na mgongo, masikio yaonekane. Namba ya Toyota inayoanza na 04465 ni padi za mbele. 04466 ni za nyuma. Watu huchanganya hapo, nauli ya basi inaliwa mara mbili. Kabla ya kutuma pesa, kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi kwamba isipokaa inarudi, na usiifunge wala kuipaka grisi kabla ya kuilinganisha na ya zamani. Na kama ile ya zamani bado ina zaidi ya milimita 3 za kitambaa (ile sehemu inayosugua diski), huenda hukuhitaji haraka hiyo.

*Shokamzoba za mtumba kutoka Japani zinafaa?* (Fundi, Jinja)

Baadhi. Pitisha ukucha kwenye fimbo: ukikwama kwenye kovu la kutu, iache, kwa sababu kovu hilo litakata sili ndani ya wiki chache. Isimamishe, ibonyeze hadi chini, uachilie. Ya gesi hupanda yenyewe taratibu. Ikiruka mahali kama iliyokosa kitu ndani, mafuta au gesi imepungua. Nunua mbili za ekseli moja, zenye uchakavu sawa.