Jibu: Tunasaini mkopo wa dola Ijumaa, tuchukue mawakili gani?

Mkuu, usisaini Ijumaa.

Kampuni yenu iko Barabara ya Nyerere, mnakopa dola nje kwa miaka mitano, dhamana ni debencha, yaani hati inayoweka rehani mali zote za kampuni, pamoja na rehani ya kiwanja cha ghala. Unauliza mchukue ofisi kubwa ya mawakili au ndogo, ada iweje, mkataba ufuate sheria ya Uingereza au yetu, na kama wakili wa mkopeshaji anaweza kuwatosha nyote. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika: "wametuambia tusaini, usajili utafanyika pesa zikishaingia." Chai imenipalia hapo.

Siku za kusajili dhamana zinahesabiwa tangu dhamana ilipoundwa. Pesa kuingia au kutoingia haihusiki. Sheria ya Kampuni, Sura 212, inataka dhamana iwe imefika kwa Msajili wa Kampuni, pale BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), ndani ya siku 42. Mkisaini tarehe 3 Machi, mwisho ni tarehe 14 Aprili, na sikukuu zote za katikati zimo humo humo kwenye hesabu. Mkopeshaji wa nje hatoi hata senti mpaka masharti ya awali yatimie: maazimio ya bodi, maoni ya kisheria, bima, hati. Miezi miwili inakatika hivi hivi. Atakayesubiri pesa ndipo asajili, atakuwa anasajili maiti.

Utasema hiyo ni hasara ya mkopeshaji, kwani dhamana ni yake. Nami niliaminishwa hivyo, na aliyeniaminisha alikuwa na tai nzuri kuliko yangu na ofisi inayotazama bahari. Sasa soma kifungu chenyewe. Dhamana isiyosajiliwa kwa wakati inabatilika dhidi ya mfilisi (anayegawa mali za kampuni inapofilisika) na wadai wengine wa kampuni. Deni halifi. Na ikibatilika tu, fedha zote zilizodhaminiwa zinatakiwa kulipwa PAPO HAPO. Mkopo wako wa miaka mitano unageuka mkopo wa leo asubuhi. Na kama wakurugenzi wametoa udhamini wao binafsi, ule haukuguswa kabisa: mkopeshaji akikosa ghala anaanza kuulizia nyumba ya Mbezi Beach.

Kingine ambacho hawakuambii: wajibu wa kusajili sheria imeuweka kwa kampuni INAYOKOPA. Mkopeshaji anaruhusiwa kusajili kwa sababu ana maslahi, lakini mchezo ukiharibika anayeulizwa kwanza ni wewe. Lakini kwenye barua ya kazi ya mawakili wengi, ile inayoorodhesha watakachokufanyia, utakuta "kuandaa nyaraka, kutoa maoni ya kisheria, kusimamia utiaji saini," kisha nukta. Neno usajili halimo. Wakili wa mkopeshaji anadhani atasajili wa kwenu, wa kwenu anadhani atasajili wa mkopeshaji, na ankara zote mbili zinakuja na VAT asilimia 18 juu yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: nani anasajili, jina lake nani, na mwisho wake tarehe ngapi? Iandikwe kwenye barua ya kazi, na sehemu ya mwisho ya ada isilipwe mpaka cheti cha usajili wa dhamana kiwe mezani kwako. Asiyekubali hilo, awe na ghorofa ishirini Posta au chumba kimoja Kariakoo, mwache.

Siku 42 huliwa na nini? Kwanza ushuru wa stempu: nakala halisi inakwenda TRA, inakadiriwa, unapewa namba ya malipo, unalipa, inagongwa. Kama upande mmoja umesaini nje ya nchi, ongeza siku za kusafirisha nakala hizo. Bila stempu, mahakamani mkataba hautapokelewa kama ushahidi. Pili, na hapa ndipo wengi wanapozama, ni mfumo wa BRELA wenyewe. Mkurugenzi aliyeacha kazi zamani bado anaonekana, ritani (taarifa za kampuni za kila mwaka) zina madeni, wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, hawajajazwa, namba ya NIDA ya mtu haioani na jina lake. Ukiwa katika hali hiyo maombi hayasogei, na kusafisha taarifa kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Safisha KABLA ya kusaini. Na asije mjanja akakwambia acheni tarehe wazi tutaijaza baadaye ili siku zitoshe. Mkishakabidhiana mkataba, tarehe ya uongo haikuongezei siku, inakuongezea kesi.

Tatu, BRELA haimalizi habari ya kiwanja. Rehani ya ardhi inasajiliwa pia kwa Msajili wa Hati, ofisi tofauti, foleni tofauti. Fanya upekuzi wa hati mapema na lipa kodi ya pango la ardhi inayodaiwa. Na kwa kuwa mkopeshaji si raia, na asiye raia ana masharti yake kwenye ardhi yetu, kwa kawaida huwekwa wakala wa dhamana wa hapa, anayeishika dhamana kwa niaba yake, mara nyingi benki. Kama rasimu inamtaja mkopeshaji mwenyewe moja kwa moja kwenye ardhi, huenda aliyeiandika amekopi kutoka London na kubadilisha jina la jiji.

Sheria ya Uingereza kwenye mkataba wa mkopo ni kawaida, msigombane hapo. Dhamana zenyewe ziwe chini ya sheria ya Tanzania.

Mkopo wa nje unaozidi siku 365 unahitaji namba ya usajili wa deni kutoka Benki Kuu, mnaomba kupitia benki yenu ya biashara. Msipokuwa nayo, siku ya rejesho la kwanza benki itagoma kutuma dola. Riba nayo inakatwa kodi ya zuio (kodi mnayoikata kabla ya kumlipa) asilimia 10, na mkopeshaji ataweka kifungu kwamba makato mnabeba ninyi ili yeye apokee riba yake kamili. Riba ya asilimia 8 inakuwa takriban 8.89. Ipige hesabu hiyo kabla hujamsifu kwa riba nafuu.

Wakili yeyote mtakayemchukua, mtafute kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wa taarifa za mawakili, uone kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Ni dakika moja. Wakili wa mkopeshaji ni wa mkopeshaji, hawezi kuwatosha nyote, hata kama ada yake mnalipa ninyi. Kwa hiyo ombeni na ukomo wa hiyo ada.

Leo jioni ingia kwenye akaunti ya kampuni BRELA, angalia orodha ya wakurugenzi na ritani, kisha rudi hapa utuambie umekuta nani bado yumo.