Upinde wa mti wa kwetu: maswali yenu kuhusu kuchagua mti

Shikamoo fundi. Nataka kuchonga upinde wa kulengea shabaha. Naambiwa mti bora ni yuu wa Ulaya. Niagize? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Usiagize. Sifa za yuu ni za kweli. Katika mabaki ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545, zilipatikana pinde za yuu zaidi ya 100. Lakini upinde wa Holmegaard wa Denmark, wenye umri wa takribani miaka 9,000, ulichongwa kwa mti wa elmi. Na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hadi leo wanawinda kwa pinde za vichaka vya nyika yao, mkole ukiwemo. Upinde wa Mhadzabe hukaribia kimo chake mwenyewe, na si mchezo kuuvuta: kilo 30 na zaidi ni jambo la kawaida.

Huko Morogoro anza na huo mkole. Utautambua kwa gome lake: ukilichuna linatoka utepe mrefu usiokatika, ndiyo maana watu hulifanya kamba ya kufungia kuni. Chipukizi zake hunyooka vizuri, hasa pale kichaka kilipowahi kukatwa kikachipua upya.

Nina ubao wa mvule na kipande cha mpingo vilivyobaki kwenye kazi ya samani. Mpingo si ndio mti mgumu kuliko yote? Kwa nini usifae? – Msomaji, Lindi

Ugumu siyo tunachokitafuta. Upinde ukivutwa, upande unaotazama shabaha (sisi tunauita mgongo) unanyooshwa, na upande unaokutazama wewe (tumbo) unabanwa. Mti unaofaa ni ule unaovumilia yote mawili kisha ukarudi ulivyokuwa. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na ncha nzito za upinde hula nguvu ambayo ingeenda kwenye mshale. Tena kuupata ulionyooka, usio na ufa, urefu wa mita moja na nusu, ni kazi kubwa. Wape wachongaji na watengeneza zumari, kwao ni mali.

Mvule una tatizo jingine. Nyuzi zake hupishana, tabaka moja linaelekea huku na linalofuata kule, na mkangazi ni vivyo hivyo. Kwa meza au mlango haina neno. Kwenye upinde, kila mahali uzi unapokatizwa na uso wa mgongo ndipo panapoanza kuchanika. Halafu msumeno wa mbao haufuati nyuzi, unafuata mstari wa fundi. Ndiyo maana pinde zetu nyingi za asili huchongwa kwa ufito mzima, uliokua mviringo, na mgongo wake ukaachwa bila kuguswa na chuma. Chuna gome tu. Punguza upande wa tumbo na mbavuni. Ukiugusa mgongo kwa panga, hata mti bora kuliko yote utakuvunjikia.

Kwetu kuna vichaka vingi, na wazee waliojua majina yake wametangulia. Nitajuaje upi unafaa? – Msomaji, Kitui

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu huhitaji jina, unahitaji mikono. Kata tawi la unene wa kidole gumba, limenye, lipinde polepole hadi livunjike. Likikatika mara moja, kisiki kikiwa butu na safi, achana nalo. Likilia taratibu, likachanika vijiti virefu vinavyokataa kuachana, hapo pana kitu.

Chukua la pili ulikunje kiasi, ulishikilie huku ukihesabu polepole hadi thelathini, uliachie. Lirudi karibu wima. Likibaki limejikunja, upinde wake utachoka mapema.

Kisha soma gome la shina lenyewe. Mistari yake ikipanda wima, nyuzi za ndani ziko wima. Ikizunguka shina, nyuzi nazo zinazunguka, na upinde utajipinda pembeni. Unataka shina la unene wa kifundo cha mkono wako, lisilo na vifundo vya matawi angalau upande mmoja. Upande huo ndio utakuwa mgongo. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na kwenye msitu wa hifadhi usikate bila kibali.

Nyuma ya nyumba kuna msunguti, umenyooka ajabu. Naweza kuutumia? – Msomaji, Kilifi

Hapana, ndugu yangu. Huo ndio mti wa sumu ya mishale, na sumu imo hata kwenye mbao zake. Ikiingia kwenye damu hushambulia moyo. Kuchonga kuna vumbi na mikwaruzo ya vidole kila siku. Uache ulipo, na watoto waonye. Majirani zako wa pwani wana mkone, ndugu wa mkole. Tafuta huo.

Nimekata ufito mzuri, baada ya wiki umepasuka pande zote mbili. – Msomaji, Mombasa

Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, nazo zikisinyaa kwanza zinapasuka. Siku ileile ya kukata, paka rangi nzito au nta kwenye ncha zote mbili. Acha sentimita 15 za ziada kila upande. Weka kivulini penye upepo, kamwe si juani wala juu ya bati. Pima uzito kila wiki kwa mizani ya dukani. Ukikoma kupungua, umekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Kwa unyevu wa Mombasa hautakauka kama wa Dodoma, hivyo uongezee upana kidogo, na upote (kamba ya upinde) uuvue kila umalizapo kulenga.

Nikimaliza, naweza kuwinda digidigi? – Msomaji, Voi

Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Lenga gunia la nyasi kavu.

Mpera wa uani unafaa upinde wa mtoto wa miaka minane? – Msomaji, Tanga

Unafaa sana, mti wake una ukakamavu. Si bure vijana huutafuta kwa panda za manati. Shida ni kupata tawi lililonyooka. Sentimita 110 zinamtosha. Upunguze hadi auvute kwa raha, na mishale yake uifunge kitambaa nchani.